Kando ya Tangi la Stesheni

Filamu ile ilinigharimu dola sitini, pisi mbili za kitenge na Jumapili moja. Dola zilikwenda Ulaya, kwa watu wanaotunza filamu za zamani na wanaolipisha ukitaka nakala. Vitenge vilikwenda kwa bwana mmoja aliyeileta kwa ndege, ndani ya soksi, kwenye flashi ndogo kama ukucha. Jumapili ilikuwa yangu mwenyewe. Nimepiga hesabu mara mbili, kama ninavyofanya kwa kila kitu, na mara zote mbili nimekuta kwamba nilipatana vizuri: walianza kwa mia. Kwa bei sina malalamiko. Ninachotaka kuuliza ni kingine, na siwezi kukiuliza kabla hamjamjua mtu niliyemnunulia.

Sisi tunaofanya biashara Lubumbashi, kati ya posta na stesheni ya treni, tulimwita Papa Gidi, kwa kuwa alikuwa gidi: alitembeza wageni mjini. Jina la ubatizo alikuwa nalo, ila hata bibi yake wa ndoa, Mama Gidi, hakulitumia. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti la kahawia wakati wa baridi na wakati wa joto, na tai ambayo fundo lake halikuwahi kufunguliwa. Aliivaa kupitia kichwani na kuivua kupitia kichwani. Vijana wa mjini wanaopenda mavazi ya gharama aliwadharau. "Banavala bei," alisema. "Shiye tulikuwa tunavala heshima." Koti lenyewe lilikuwa limepauka mabegani mpaka likawa na rangi mbili, na mimi ninayeuza nguo niliona wazi kwamba halina mahali pa kuokoa. Lakini hakuna aliyewahi kumwona kazini bila koti hilo.

Mji wetu una vitu vya kuonyesha. Kuna kathedrali ya matofali, kuna posta ya zamani, kuna stesheni na kichwa cha treni ya makaa kilichowekwa pale kama mzee aliyestaafu bila kulipwa, na juu ya vyote kuna bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba na kilima chake cheusi cha taka za tanuru. Magidi wengine walivionyesha kimoja kimoja, pamoja na mwaka kilipojengwa. Papa Gidi hakutaja miaka. Kwake mji huu ulikuwa na sababu moja tu ya kutembelewa: filamu ilipigwa hapa.

Ilipigwa zamani, wakati treni ya abiria ilikuwa bado inafika siku iliyoahidiwa. Wazungu walikuja na kamera, wakakaa kiangazi kizima, wakamwajiri yeye awatafutie watu wa kupita nyuma ya wachezaji, awapange na kuwanyamazisha. Hadithi ya filamu yenyewe ni fupi. Kijana anarudi kutoka masomoni kumtafuta baba yake aliyekuwa mfanyakazi wa mgodi. Baba amekwisha kufa. Mji mzima unajua, na hakuna anayethubutu kumwambia. Kijana anazunguka kutoka stesheni hadi kathedrali, kutoka kathedrali hadi mtaa wa Makomeno, kutoka Makomeno hadi mtaa wa Kamalondo, na kila mtu anamwelekeza kwa mwingine. Ndivyo hivyo mpaka mwisho. Niliposimuliwa mara ya kwanza nilimwambia Papa Gidi kwamba hiyo si filamu, hiyo ni ofisi ya serikali. Hakucheka. Filamu hiyo hakuiruhusu ichekwe, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hajaiona.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakukuonyesha jengo, alikuonyesha mahali kamera iliposimama. Alikushika mabega, akakusogeza kidogo kushoto, akakuzuia, kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele ya uso wako, vidole gumba vikigusana, akakutengenezea dirisha. "Angalia mu mikono," alisema. Ukigeuza macho kando, kumtazama mama anayekaanga maandazi au lori lililokufa katikati ya njia, alikukemea kama mwanafunzi. "Kintu yenye haiko mu mikono, haiko mu filme." Wageni walilipenda neno hilo. Mimi pia nililipenda, nikawa nalitumia sokoni kwa wateja wanaoshikashika kila kitenge na kuondoka.

Pale kathedrali alimkalisha mgeni kwenye ngazi, mahali alipokaa yule kijana wa filamu, akamwambia ainamishe kichwa. Ndani hakuingia naye. Na huyo alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, aliyeshika rozari hata kwenye foleni ya kununua unga. Mgeni akiomba kuona altare, alijibiwa: "Ingia weye. Kamera haikuingia." Naye alibaki nje, akijipepea kwa kofia.

Kule Kamalondo kuna jengo lililokuwa sinema, na katika filamu kijana anaingia humo si kuangalia bali kulala. Siku hizi ni kanisa la maombi, lenye spika zinazosikika mpaka mtaa wa tatu. Papa Gidi alivua kofia mlangoni, akasimama kimya akitazama ukuta wa mwisho. Wahudumu walidhani ametubu. Siku moja walimzunguka watatu, wakamwekea mikono kichwani, wakaomba kwa nguvu mpaka mgeni wake, mama mmoja mzee wa Kizungu, akaanza kulia. Papa Gidi aliwaachia wamalize. "Amina," alisema. "Sasa mutuonyeshe kwenye ekran ya sinema ilikuwa."

Kuhusu mambo mengine yote alidanganya bila aibu. Urefu wa lile bomba la moshi ulitegemea nani anauliza. Nilimsikia akimpa padri mmoja wa Kinshasa meta nyingi kuliko alizompa Mchina asubuhi ya siku hiyo hiyo.

"Papa Gidi," nikamwambia, "ile bomba iko inaongezeka?"

"Mama Bitenge, mutu anatoka mbali. Hauwezi kumupa bomba ya mufupi."

"Na Mushinwa, yeye alitoka hapa ku mutaa ya Kenya?"

"Ule alipatana bei sana. Nilimukatia."

Lakini kwa filamu hakukata wala hakuongeza. Huko Makomeno kulikuwa na geti la nyumba ambalo kijana analigonga na halifunguliwi. Mwenye nyumba alilivunja baadaye akajenga ukuta. Nyumba mbili mbele kulikuwa na geti jingine, la rangi ile ile. Mgeni mmoja alitaka kupigwa picha hapo, akaongeza pesa. Papa Gidi alikataa. Mgeni akakasirika, akaondoka bila kulipa hata nusu.

"Geti iko geti," nilimwambia, kwa kuwa siku hiyo alikunywa chai yangu bure. "Nani atajua?"

"Ya filme ilikuwa moja," akajibu, akaomba sukari zaidi.

Matembezi yake yote yaliishia mezani kwangu, sokoni. Aliwaambia wageni kwamba mama mmoja wa filamu anapita hapo akitoka kununua kitenge. Kwa kila mgeni aliyenunua nilimpa kitu kidogo, kwa sharti kwamba mgeni asijue kupatana. Kwa muda tulikula vizuri. Halafu nikaona wageni wameanza kunishika pabaya: wanageuza kitambaa upande wa nyuma, wanaguna, wanaondoka hatua kadhaa na kusubiri niwaite. Kumbe alikuwa anawafundisha njiani, kama sehemu ya matembezi.

"Papa, juu ya nini unaniua?"

"Mugeni akilipa tu, atakumbuka nini ya soko? Atakumbuka tu makuta yenye alitoa."

"Na weye? Utakula nini?"

"Mama, miye niko gidi. Shiko mufanyabiashara."

Alisema hivyo akiwa amenyoosha mkono kudai sehemu yake.

Lakini kilele cha matembezi kilikuwa stesheni, kabla ya kuja kwangu, na nikipata mtu wa kunilindia meza nilikwenda kumsikiliza, maana hadithi ile ilinihusu kidogo. Katika filamu, wanawake wanasubiri treni. Kijana anashuka, anapita katikati yao, na hakuna anayemtambua. Wazungu walikuwa wameagiza kwamba wanawake waje na nguo za kila siku, zile zilizofuliwa mpaka zikachoka. Papa Gidi alipeleka agizo hilo katika kambi yote ya watu wa reli, mlango kwa mlango. Mlango mmoja tu aliuruka: wa kwake.

"Bazungu habajui kintu," aliwaambia wageni, hata wageni wakiwa Wazungu. "Mutu anakuya kukupiga foto, unavala ya kupikia? Hata maskini, siku ya foto anaazima viatu. Bon. Nilimuambia bibi yangu: vala ile ya mupya."

Hakuna mtu wa kwetu ambaye angemlaumu. Tunao ndugu waliopigwa picha wamevaa saa ya jirani na miwani ya fundi picha mwenyewe. Picha ndiyo itakayobaki. Nguo ya jikoni itabaki vipi?

Ile mpya niliiuza mimi. Buluu iliyoiva, yenye picha za feni za manjano kubwa kama sahani. Mama Gidi alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ndogo, na ndiye mteja pekee aliyewahi kunishinda. Alikaa kwenye kiti changu asubuhi nzima. Hakuguna, hakuondoka, hakulia shida. Kila nilipotaja bei aliniuliza habari za watoto wangu. Mwisho aliondoka na kitenge kwa bei ambayo mpaka leo sijaielewa, na mimi ndiye niliyemshukuru.

Basi siku ya kamera akaja stesheni amevaa feni zake, zimeshonwa, na kitambaa cha kichwa kimesimama kama taji. Papa Gidi alisimulia kwamba mkubwa wa kamera alimtazama toka kichwani hadi miguuni. Halafu akatabasamu, akamshika mkono yeye mwenyewe, kwa heshima, akamtoa kati ya wanawake wengine na kumpeleka kando ya tangi la maji, lile la miguu ya chuma. Akamwambia apite pale polepole, peke yake, kila mara atakaposikia filimbi.

"Bengine balikuwa bote pamoja sawa kondoo," Papa Gidi alisema. "Bibi yangu, balimupatia nafasi yake."

Kisha akanyoosha mikono kuelekea tangi. "Ni pale njo anapita."

Sasa ninapokumbuka ninaona kwamba hapo tu, katika matembezi yote, hakumshika mgeni mabega kumsogeza. Alimwacha asimame popote.

Filamu ilionyeshwa mjini mara moja, katika ukumbi mmoja, kwa wakubwa. Waliopita nyuma ya wachezaji hawakualikwa. Papa Gidi alikwenda hata hivyo, na tai yake na Mama Gidi na feni zake. Mlinzi akawaambia nafasi zimejaa. Walisimama nje, kando ya ukuta, wakasikiliza. Alinieleza kwamba kila kitu kilisikika: kengele, filimbi, mbwa wa Makomeno. Mama Gidi alimuuliza, "Sasa niko napita?" Akamjibu, "Bado." Baadaye akamwambia, "Sasa." Wakarudi nyumbani kwa miguu. Filamu ikaenda zake Ulaya, na haikurudi.

Mama Gidi alikufa kwa ugonjwa uliotibiwa kama malaria mpaka pesa zikaisha, na haukuwa malaria. Wakati huo walikuwa wamehamia mtaa wa Hewa Bora. Picha zao zote, za ndoa, za ubatizo wa mtoto, zilikuwa ndani ya sanduku la bati juu ya kabati, na paa lilikuwa limevuja msimu mzima wa mvua bila mtu kujua. Walipofungua sanduku kutafuta picha ya kuweka kwenye jeneza, walikuta karatasi zimeshikana kama mkate uliolowa. Wakijaribu kuzibandua, uso wa mmoja ulibaki mgongoni mwa mwingine. Hapakuwa na hata moja ya kuokoa.

Kwa watu wetu kaburi linawekwa picha. Kigae cheupe cha umbo la yai, uso umechapwa juu yake, kinapachikwa kwenye saruji ili mtu akija Siku ya Wafu ajue anamsalimia nani. Papa Gidi alipojenga kaburi la bibi yake alimwambia mwashi aache tundu la kigae. Mwashi akauliza kigae kiko wapi. "Iko mu filme," alisema. Tundu likabaki. Mvua ikinyesha linajaa maji, na ndege wadogo wanakuja kunywa hapo. Nimewaona. Kila Siku ya Wafu alilikausha kwa kitambaa, akawasha mshumaa, akaondoka.

Tangu hapo alianza kunipitia na swali lake. Kila mtu anayesafiri, kila mgeni aliyemtembeza, aliombwa aitafute filamu. Na kwa kuwa mimi ndiye mwenye simu nzuri, majibu yangefika kwangu.

"Mama Bitenge, ilishafika?"

"Bado, Papa."

"Aya. Haina neno."

Wageni walipungua. Treni ya abiria ikawa hadithi. Magidi vijana walikuja na picha za kila jengo ndani ya simu zao, kiasi kwamba mgeni angeweza kuangalia mji akiwa amekaa hotelini, na wengine walifanya hivyo hasa. Yeye akaendelea na koti lake. Halafu macho yakaanza. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba alichelewa. Ulimwengu ulimfungia kutoka kando, pole pole, kila mwezi upana mdogo zaidi. Alilichukua jambo hilo kama mzaha. "Sasa minaona sawa kamera," aliniambia, akitengeneza dirisha lake la mikono. "Ya kando yote ilishakatwa." Mwaka uliofuata dirisha nalo likafungwa.

Mgeni wake wa mwisho alikuwa msichana wa Brussels, baba yake mtu wa huku. Papa Gidi alimtembeza akiwa tayari hamwoni. Binti huyo ndiye aliyemshika mkono kuvuka barabara, naye ndiye aliyeambiwa asogee kidogo kushoto. Wengi waliahidi kabla yake. Huyu aliitafuta kweli. Miezi ikapita, ujumbe ukaingia: ipo, wanaitunza, nakala inalipiwa. Papa Gidi na mimi tukakubaliana nusu kwa nusu. Nikapatana, nikalipa, ikaja.

Ningeipeleka siku hiyo hiyo. Lakini mimi sijawahi kumkabidhi mtu kitambaa bila kukikunjua kwanza. Jumapili, baada ya misa, nikajifungia nikaiangalia.

Ni filamu nzuri, inasikitisha. Mji wetu ulikuwa na rangi. Kila mahali alipowahi kunisimamisha Papa Gidi palikuwa palepale: ngazi ya kathedrali, geti la Makomeno, sinema ya Kamalondo. Mikono yake haikuwa imekosea hata upande mmoja. Nikafika stesheni. Filimbi ikalia. Wanawake wamesimama na nguo zao zilizochoka, nyuso zao zimechoka vilevile, na mtu akiwatazama anajua kwamba hawa wanasubiri habari mbaya. Kamera inawapitia mmoja mmoja kuelekea kulia. Inakwenda, inakwenda, unaona mguu mmoja wa chuma wa tangi la maji. Hapo inasimama, na inarudi kwa kijana.

Nilirudisha nyuma. Inafika kwenye mguu wa tangi, inasimama, inarudi. Nikaangalia filamu yote upya, mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ninahesabu kila kitu mara mbili. Ninajua kitenge changu hata kikiwa kimekunjwa kwenye giza. Hapakuwa na feni hata moja.

Yule Mzungu hakumpa nafasi yake. Alimwondoa. Mwanamke amevaa kama bibi harusi katikati ya watu wanaosubiri maiti, angefanya naye nini? Alikuwa mwenye adabu, basi. Akampeleka mahali ambapo kamera haifiki, akamwachia apite na kupita kila filimbi ilipolia, mchana wote wa jua. Na aliyemvalisha hivyo ni Papa Gidi.

Nilikwenda Hewa Bora nikiwa na ukweli tayari mdomoni. Katika teksi niliupanga kama bei: unaanzia wapi, unashuka wapi. Nilimkuta amekaa kwenye benchi mlangoni. Binti yake, aliyekuwa mdogo sana mama yake alipokufa, alikuwa anamenya viazi vitamu pembeni.

"Hiyo miguu ni ya Mama Bitenge," alisema Papa Gidi. "Ilishafika?"

Nilikuwa nimezoea kusema bado. "Ilishafika, Papa."

Akamwambia binti yake amletee koti na tai.

"Papa, ni ku telefone tu," binti akasema. "Na hauone."

"Ni juu ya ile njo nisivale?"

Binti akamvalisha tai kupitia kichwani. Nikaweka simu kwenye goti lake, sauti juu. Aliijua yote. Kengele ikalia: "Kathedrali. Anaikala ku ngazi." Mbwa wakabweka: "Makomeno. Habamufungulie." Alikuwa anamtembeza mgeni tena, na mgeni nilikuwa mimi. Halafu filimbi ikalia. Aliinua mikono yake miwili, vidole gumba vikigusana, akatengeneza dirisha lake. Halikuelekea simu. Lilielekea uani, kwenye kamba ya nguo.

"Sasa," alisema. "Eko pale?"

Kamera ikafika kwenye mguu wa tangi, ikasimama, ikarudi.

Nimeuza vitambaa vya China kama vya Uholanzi, nikaapa, nikalala usingizi. Kwa hiyo msifikiri uongo ni kitu kigeni kwangu. Lakini huo sikuupanga.

"Eko, Papa."

"Feni inaonekana?"

"Inaonekana."

"Mu mikono?"

"Mu mikono."

Alishusha mikono, akaiweka juu ya magoti, akakaa hivyo mpaka muziki wa mwisho ukaisha. Nilidhani yameishia hapo. Mtu mzee amefurahi, hasara iko wapi? Kisha akageuza uso kuelekea viazi, kwa binti yake.

"Utume habari ku Kamina, kwa bamama bakubwa yako. Siku ya Wafu bakuye bote. Sura ya mudogo yabo inapatikana." Kwangu akasema: "Mama Bitenge, utatoa foto moja pale anapita. Umupelekee ule mupiga foto wa karibu na posta, atie ku kigae. Mwashi aliacha tundu, unajua."

"Ninajua, Papa."

"Nusu yangu iko makumi tatu?"

"Tutaona kisha."

"Hapana." Akatoa kitambaa mfukoni, akafungua fundo, akanihesabia noti kwa vidole, zote thelathini, hakupunguza hata senti. Katika miaka yote ya kujuana kwetu hakuwahi kunilipa bila kupatana. Binti yake alinisindikiza mpaka barabarani. Aliniomba nimwonyeshe mama yake kwenye simu, kwa kuwa sura imemtoka. Nikamwambia moto wa simu umeisha, haina chaji.

Hapo ndipo tulipo. Katika ile filamu, angalau, mji mzima ulisaidiana kudanganya. Mimi niko peke yangu. Nimewaza kusema kwamba flashi imeharibika, lakini atamtuma binti yake amwandikie yule wa Brussels, na Brussels wataituma upya. Nimewaza kutafuta zile feni za manjano nipachike kitambaa badala ya uso. Hazitengenezwi tena, nimeuliza hadi Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Nimewaza kuchukua uso wa mama mwingine yeyote wa pale stesheni. Papa Gidi hataona, binti yake hakumbuki. Lakini dada wawili wa Mama Gidi wanatoka Kamina, na macho yao ni mazima. Na kumwambia ukweli nimewaza pia. Nitasema nini? Kwamba alimpoteza kwa kumpendezesha?

Dola zake thelathini ziko ndani ya sanduku langu, sijazigusa, zinarudi kwake wakati wowote. Kwa hilo sihitaji ushauri. Siku ya Wafu iko karibu. Jana nilikwenda kwa mpiga picha na simu yangu. Aliisimamisha filamu pale stesheni, wanawake wote wamejipanga, akaniuliza nimwonyeshe kwa kidole ni mama gani. Nimemwambia nitarudi kesho. Nyinyi mliosoma mpaka hapa, niambieni: nimwonyeshe nani?